Nimepoteza pesa za mjomba kwenye poka ya mtandaoni: nimeshindwa au nimeibiwa?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, na kazi yangu ni ukarani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho. Msimu ukiwa umefunguliwa sipati hata nafasi ya kunywa chai, lakini minada ikishakwisha na ghala likabaki na harufu ya magunia tu, mimi hukaa miezi kadhaa bila shughuli ya maana. Ni katika ukimya huo ndipo nilipojifunza kucheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kwenye simu.

Aliyenifundisha ni kijana niliyesoma naye sekondari. Aliniunganisha na kundi moja la WhatsApp, na humo nikatumiwa kiungo cha kupakua programu ya mchezo. Nilianza na shilingi 30,000 zangu mwenyewe. Wiki ya kwanza nilishinda, nikaomba kutoa 50,000, zikaingia kwenye simu yangu kabla sijamaliza kula. Hapo ndipo nilipoamini. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amenikabidhi shilingi 1,400,000 alizobakiza katika mauzo ya msimu uliopita, nimtunzie mpaka wakati wa kulipa vibarua wa palizi na kununua mafuta ya mashine ya kupulizia dawa. Yeye hapendi kulala na pesa nyumbani, na simu yake ni ya kitochi. Nilichukua kidogo nikitaraji kurudisha, kisha nikachukua tena ili nirudishe kile cha kwanza, na katika muda wa wiki tano nikawa nimeweka mezani 980,000.

Sikuandikii kwa sababu ya kushindwa peke yake, maana najua kamari ina kupata na kukosa. Ninachotaka kukueleza ni namna nilivyoshindwa. Kwenye meza ya watu sita nilikuwa nikikutana na majina mawili yaleyale kila usiku. Nikiwa kati yao, mmoja hupandisha dau, mwenzake hulipandisha tena, wa kwanza hulipandisha mara ya tatu, mpaka nalazimika kuweka karata zangu chini. Nikishatoka tu, mmoja wao naye hujitoa kimyakimya bila kuonyesha alichokuwa nacho. Halafu kulikuwa na wa tatu, ambaye hadi leo ananinyima usingizi. Usiku mmoja karata tano za mezani, ambazo hutumiwa na wachezaji wote, zilikuwa wafalme wawili, 9, 4 na 2, nami mkononi nina 8 na 7, yaani sina kitu. Nilijifanya ninaye mfalme wa tatu, nikasukuma 86,000 zote nilizokuwa nazo. Yule mtu hakufikiri hata sekunde tatu, akafuata, yaani akaweka kiasi kilekile, na alipofunua alikuwa na malkia na 6. Nani mwenye akili timamu anafuata dau la namna ile akiwa na malkia mtupu, kama hajui kwamba mimi nina kidogo kuliko yeye? Siku mbili baadaye nilipata 4 mbili mkononi na ya tatu ikaangukia mezani. Mtu huyohuyo, ambaye alikuwa akifuata kila kitu, aliweka karata chini kwa dau la 2,000 tu.

Nilipoamua kuacha, akaunti yangu ilionyesha kwamba zimebaki 410,000. Nikaomba kuzitoa. Nikaambiwa nitume kwanza 41,000 za kodi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, nikatuma. Sasa wanataka 65,000 za uhakiki wa akaunti ndipo waachie pesa zote. Mkononi nimebaki na 379,000 za mjomba, na palizi imekwisha kuanza katika mashamba ya jirani.

Je, nimeshindwa kihalali au nimeibiwa? Hizo 65,000 nizitume? Kuna mahali pa kushitaki, au kwa kuwa ni kamari nitaonekana mimi ndiye mkosaji? Baadhi ya wazee wa hapa wanasema serikali ingepiga marufuku michezo yote hii ya mtandaoni tukapumzika. Mwenzangu wa ofisini anasema dawa ni kuisimamia. Na kwa mjomba sijui hata nianzie wapi.

Karani wa Mizani, Tandahimba

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile lisiloweza kungoja: hizo 65,000 usizitume, wala shilingi nyingine yoyote. Nchini mwetu kodi ya ushindi wa michezo ya kubahatisha hukatwa na mwendeshaji mwenyewe kabla ya kumlipa mshindi, naye ndiye anayeipeleka serikalini. Hakuna utaratibu unaomtaka mchezaji atume kodi kwenye namba ya mtu binafsi. Tena, uliweka 980,000 na unaomba 410,000: huo ni ushindi gani wa kutozwa kodi? Ukituma 65,000 itakuja ada nyingine yenye jina jipya, na baada ya hiyo nyingine. Hizo 410,000 unazoziona kwenye skrini zihesabu kuwa tarakimu tu mpaka siku zitakapoingia kwenye simu yako, na zile 50,000 zilizokufikia kabla hujamaliza kula zilikuwa chambo. Watu wanaokudai ada ili wakupe pesa yako mwenyewe ni matapeli, na juu ya hilo sina shaka.

Yaliyotokea mezani ni jambo jingine, nayo ni mawili, ambayo nitayatenganisha kwa sababu ushahidi wake haufanani. Yale majina mawili yaliyokuwa yakikubana katikati ni udanganyifu wa zamani kuliko simu. Waliowahi kukaa barazani kwenye karata wanaujua: wawili wanakonyezana, mmoja anajikuna sikio, mwingine anaelewa. Tofauti ni kwamba barazani konyezo huonekana, na mzee aliyekaa pembeni atakohoa kabla mchezo haujafika mbali. Kwenye simu, watu hao wawili huenda wamekaa kwenye mkeka mmoja, au ni mtu mmoja mwenye laini mbili, na wewe uliyeko Tandahimba unaona majina tu. Wakijuana, wanajua karata nne zilizotoka badala ya mbili, na muhimu zaidi, wanaweza kukupandishia dau kwa zamu hata kama wote hawana kitu.

Yule wa tatu, anayefuata dau akiwa na malkia mtupu, ananikumbusha kisa kilichotikisa mchezo huu. Mnamo Septemba 2007, katika mashindano ya kampuni iliyoitwa Absolute Poker, ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 1,000, akaunti iliyojiita POTRIPPER ilicheza kana kwamba karata za wenzake zimebandikwa ukutani, na dau la mwisho la mpinzani wake ililifuata ikiwa na 10 tu kuwa karata yake kubwa. Ikashinda. Aliyeshika nafasi ya pili, Marco Johnson, aliomba kampuni imtumie kumbukumbu za mchezo wake. Alichotumiwa kilikuwa zaidi ya alichoomba: faili lenye karata za kila mchezaji pamoja na anwani za mtandao za waliokuwa wakicheza na waliokuwa wakitazama. Wachezaji walipolichambua, wakagundua kwamba kulikuwa na mtazamaji aliyekuwa akiifuata meza ya POTRIPPER, na nyayo zake zikaelekea kwa watu wa ndani ya kampuni yenyewe.

Kampuni ndugu, UltimateBet, ilikuwa na donda kubwa zaidi. Tume ya Michezo ya Kahnawake, iliyo chini ya jamii ya Wamohawk nchini Kanada na ambayo ndiyo iliyozipa leseni kampuni zote mbili, ilieleza kwamba udanganyifu uliendelea kuanzia Mei 2003 hadi Januari 2008 kwa kutumia programu iliyowaonyesha wachache karata za wote, na ikamtaja Russ Hamilton, bingwa wa mashindano makuu ya World Series of Poker ya mwaka 1994, kuwa mhusika mkuu. Wachezaji walirudishiwa zaidi ya dola milioni 22. Absolute Poker ilitozwa faini ya dola 500,000, na UltimateBet dola milioni 1.5.

Kwa hiyo unachoshuku kimewahi kutokea, na kwa miaka karibu mitano mfululizo. Hata hivyo, sitakwambia kwamba kwako ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja kufuata dau moja akiwa na malkia hakuthibitishi lolote. Wapo wachezaji wabovu wanaofuata kila kitu, na wapo wazoefu waliokwisha kusoma kwamba kijana huyu hupenda kutishia. Waliowanasa wale wadanganyifu walikuwa na kumbukumbu za maelfu ya migao, wakazipanga, wakaona kiwango cha ushindi ambacho hakuna binadamu anayekifikia bila kuona karata za wenzake. Wewe una migao michache na kumbukumbu ya hasira. Kutoka kwenye kiti cha mchezaji, bahati mbaya, mpinzani hodari na mwizi huwa na sura moja. Siku hizi ongeza na mashine: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walionyesha programu yao, Pluribus, ikiwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita kama ile yako.

Nawe usisahau mla wa kudumu, yaani mwenye meza. Chukua watu watano walioweka 20,000 kila mmoja, jumla 100,000. Pesa hizo huzunguka: unashinda, unaweka tena, unapoteza. Ikiwa kwa usiku mzima madau yote yaliyokusanywa katikati ya meza yamefikia 1,000,000, na mwenye meza akakata asilimia 5 ya kila dau, amekwisha kuondoka na 50,000. Nusu ya pesa za meza imekwenda bila mtu yeyote kudanganya. Sehemu ya zile 980,000 imeliwa kwa njia hiyo, na hiyo hakuna wa kukurudishia hata kama kila karata ilikuwa halali.

Sasa tuje kwenye hoja ya wazee na ya mwenzako wa ofisini. Wewe ni karani wa mizani, kwa hiyo nitakuuliza la kazini kwako. Mkulima anapoleta gunia lake, je, huifungua mizani kukagua chemchemi zake? Haifungui. Anatazama stika ya Wakala wa Vipimo, anatazama mshale unaanzia kwenye sifuri, basi. Anaamini kwa sababu kuna mtu mwingine, asiyenunua korosho wala kuziuza, aliyekuja na mawe yake ya kupimia akaijaribu. Na tunajua wote mambo yalivyo pale mizani hiyo isipokuwapo: huko ndiko kwa kangomba, ambako kipimo ni cha mnunuzi, bei ni ya mnunuzi, na mkulima hana pa kulalamikia kwa sababu biashara yenyewe ilifanyika gizani. Wewe umecheza poka ya kangomba. Aliyechanganya karata, aliyetunza pesa, aliyehifadhi kumbukumbu na aliyepaswa kusikiliza malalamiko yako ni mtu huyohuyo, na humjui jina.

Kuchanganya karata kwenyewe kunataka mkaguzi. Mwaka 1999, wataalamu wa programu nchini Marekani walichunguza namna karata zilivyochanganywa katika tovuti moja ya poka. Mpangilio wa karata 52 unaweza kutokea kwa njia nyingi mno, idadi yake ni 8 ikifuatwa na tarakimu 67. Lakini programu ile ilianza hesabu yake kwa kutazama saa, kwa elfu za sekunde tangu usiku wa manane, ambazo kwa siku nzima ni 86,400,000 tu. Kwa kuoanisha saa yao na ya tovuti na kuona karata chache za mwanzo, walijua karata zote zilizobaki. Kosa hilo lilitokana na uzembe wala si wizi, na mchezaji asingeligundua hata angecheza miaka kumi.

Kwa sababu hiyo nakubaliana na mwenzako wa ofisini, lakini kwa sharti. Utaona kwamba Absolute Poker na UltimateBet zilikuwa na leseni. Full Tilt Poker nayo ilikuwa na leseni ya Alderney, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa, na bado, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kuishukia Aprili 15, 2011, ilidhihirika kwamba inadaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390 huku benki ikiwa na takriban milioni 60. Pesa za wachezaji zilikuwa zimechanganywa na za kampuni na kutumiwa. PokerStars, iliyoshitakiwa siku hiyohiyo lakini iliyokuwa imetenga pesa za wachezaji, iliwalipa Wamarekani wake katika muda wa wiki chache. Wa Full Tilt walianza kulipwa mwaka 2014. Leseni ambayo msimamizi wake haingii kukagua ni stika iliyobandikwa kwenye mizani ambayo hakuna aliyeipima. Ninapotetea usimamizi, natetea mambo ya kushikika: pesa za wachezaji zikae kwenye akaunti yake peke yake, kila mchezaji atambuliwe kwa kitambulisho, ili mtu mmoja asikalie viti viwili, kumbukumbu za kila mgao zihifadhiwe mahali ambapo msimamizi anaweza kuzidai, na programu ikaguliwe na mtu asiyelipwa kutokana na ushindi wa yeyote.

Wazee wa kijijini kwenu nawaheshimu, na mimi mwenyewe si mpenzi wa kamari. Bao linanitosha, na hata hilo nafungwa na wajukuu. Lakini marufuku nayo ina historia yake. Mnamo Oktoba 2006 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia benki na wapitishaji wa pesa kuhudumia kamari haramu ya mtandaoni. Kampuni zilizojali sheria, kama PartyGaming iliyokuwa kwenye soko la hisa la London, zikaondoka. Wachezaji hawakuondoka. Waliangukia mikononi mwa waliokuwa tayari kubaki, na miongoni mwao walikuwamo hao hao Absolute Poker, UltimateBet na Full Tilt. Mwaka 2013 majimbo ya Nevada, New Jersey na Delaware yalifungua poka ya mtandaoni iliyo chini ya wasimamizi wao. Sisi hapa tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, kwa hiyo hatuanzi patupu. Ninalowakubalia wazee ni kwamba leseni humpa mtu ujasiri wa kucheza, na mchezo uliosimamiwa vizuri bado unaweza kumaliza pesa za palizi.

Kuhusu kushitaki: piga picha za skrini zote leo, kabla akaunti haijafungwa, yaani salio, majina ya wale watatu, ujumbe wa kudai ada, kiungo ulichotumiwa na namba ya simu uliyoitumia 41,000. Iarifu kampuni ya simu kuhusu muamala huo. Kisha nenda kituo cha polisi. Udanganyifu kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kilicho rahisi kuthibitika ni hiyo ada ya uongo, kwa sababu ina namba, tarehe na kiasi. Malalamiko ya karata yaandike kwa Bodi, ukiwauliza kama mwendeshaji huyo ana leseni yao. Sikuahidi kwamba pesa zitarudi. Na yule rafiki yako wa sekondari mwulize kwa upole kama naye amewahi kutoa kiasi kikubwa, kwa maana huenda naye amenaswa na anaona haya kusema.

Kabla ya polisi, hata hivyo, ni mjomba, kwa sababu maelezo utakayoandikisha yatataja pesa zilikotoka, na si vizuri azisikie huko. Usimpigie simu. Mpitie mama yako kwanza, umweleze kila kitu bila kupunguza hata mia, kisha mwende naye. Yule ni kaka yake, na anajua saa ya kuzungumza naye kuliko sisi wote. Zile 379,000 mkabidhi mkononi siku hiyohiyo, kabla ya maelezo. Deni ni 1,021,000. Andika kwenye karatasi ni kiasi gani utakata kwenye ujira wako minada itakapofunguliwa, na mama yako awe shahidi. Usiseme kwanza kwamba uliibiwa. Sema ulichukua, kisha ndipo useme yaliyofuata.

Na vibarua wa palizi hawana wa kuwalipa, ilhali wewe upo bila kazi hadi msimu ufunguliwe. Chukua jembe. Mwambie mjomba kwamba shamba hilo utalipalilia wewe, mkorosho kwa mkorosho, na thamani ya vibarua aikate kwenye deni kama ataona inafaa. Akikataa kuikata, palilia vivyo hivyo. Programu ile ifute kwenye simu ukishapiga picha, na ujitoe kwenye kundi. Ukipata jibu la Bodi, niandikie, hata likiwa la mstari mmoja.

Mama Mshauri